Mti wa Shimba na Dawa ya Saratani

Kusini-magharibi ya Mombasa, mwendo wa kutwa moja kwa miguu ya watu wa kale, vinainuka vilima vya Shimba. Wadigo, mmoja kati ya makabila tisa ya Mijikenda, wamekaa kandokando ya vilima hivyo tangu zamani, na misitu ya makaya yao, iliyoificha miji yao ya awali, ingali inaheshimiwa katika nchi hiyo. Serikali ya Kenya iliifanya Shimba kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Watu wengi huijua kwa sababu ya palahala, maana katika Kenya nzima mnyama huyo hapatikani porini ila huko. Mimi nataka kuitaja kwa sababu ya mmea mmoja usio na uzuri wa kuvutia macho, ambao wataalamu waliuita Maytenus buchananii. Katika miaka ya 1970 mmea huo ulikatwa Shimba, kilogramu 27,215 kwa hesabu iliyoandikwa, ili itafutwe ndani yake dawa ya saratani.

Habari hii husimuliwa kwa namna mbili. Wako wanaoisimulia kama ushindi wa elimu: mti wa porini ulipimwa, ukaonekana una nguvu, na leo wanawake wenye saratani ya matiti wanarefushiwa maisha kwa sababu yake. Wako pia wanaoisimulia kama wizi mtupu: wageni walikuja, wakawauliza waganga wa Kidigo, wakachukua mti na siri yake, wasirudishe hata shukrani. Kila upande una chembe ya kweli mkononi. Walakini ni wachache waliojali kuyapanga matukio kwa miaka yake, na miaka ikiwekwa mahali pake hutengua mengi yasemwayo kwa wepesi. Hiyo ndiyo kazi ninayokusudia kuifanya hapa.

Kabla ya kufika Shimba hatuna budi kupita Madagaska. Kisiwa hicho ndicho asili ya ua dogo, jeupe au la rangi ya waridi, ambalo limeenea katika nchi zote za joto na ambalo watu wa pwani yetu hulipanda majumbani kwa mapambo. Wataalamu huliita Catharanthus roseus. Katika visiwa vya Karibi watu walikuwa wakichemsha majani yake na kuyanywa ili kutibu kisukari. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Jamaika alipeleka majani 25 ya mmea huo Kanada, yakafika mikononi mwa Robert Noble wa Chuo Kikuu cha Western Ontario. Noble na mwenziwe Charles Beer waliwapa panya maji ya majani yale, wakangoja sukari ipungue katika damu. Sukari haikupungua. Lakini waliona jambo jingine: chembechembe nyeupe za damu zilikuwa zikipotea. Kwa kuwa saratani ya damu ni ugonjwa wa chembechembe hizo kuzidi bila kiasi, walitambua mara moja kwamba wamegusa kitu kikubwa kuliko walichokitafuta. Mwaka 1958 walitangaza dawa iitwayo vinblastini. Wakati huo huo kampuni ya Eli Lilly huko Indianapolis ilikuwa ikiupima mmea uo huo kwa njia yake, nayo ikapata vinkristini, iliyoruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1963. Dawa hiyo ya pili ilifika Kampala, ikawa miongoni mwa zile walizotibiwa watoto wenye uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt, tabibu wa upasuaji katika mji huo, alikuwa ameueleza mwaka 1958.

Msomaji na aangalie vema yaliyotokea. Watu wa Jamaika hawakusema kwamba mmea ule unatibu saratani. Walisema unatibu kisukari. Maneno yao yaliuelekeza mkono kwenye mmea, kisha kipimo kikalielekeza jicho kwenye ugonjwa mwingine. Asiyekumbuka tofauti hiyo ataelewa vibaya karibu kila habari ya dawa iliyotoka porini, na ya Shimba mojawapo.

Mafanikio ya ua lile yalitia moyo. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikuwa imekwisha anzisha, mwaka 1955, idara kubwa ya kupima dawa za kemikali dhidi ya saratani. Mwaka 1960 ilipatana na Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo ili wataalamu wa mimea wasafiri duniani na kuleta mizizi, magome, majani na matunda ya kila namna. Mpango huo wa kwanza ulidumu mpaka 1982, na katika muda huo mimea ya aina zipatazo 35,000 ilipimwa. Katika wingi huo wote, zilizofikia kuwa dawa za hospitali zahesabika kwa vidole. Mashuhuri kupita zote ni ile iliyotoka katika gome la mti wa magharibi ya Marekani, lililokusanywa mwaka 1962 na lisilotoa dawa iliyoruhusiwa ila mwaka 1992, yaani baada ya miaka 30.

Namna ya kupima yenyewe yafaa ielezwe, kwa maana wengi huitaja bila kuijua. Mmea hukaushwa, husagwa, kisha hulowekwa katika spiriti au maji. Yale maji hukaushwa tena mpaka yabaki uji mzito. Katika zama hizo uji huo ulidungwa katika miili ya panya waliokwisha ambukizwa saratani ya damu, na panya wengine wenye ugonjwa huo huo wakaachwa bila dawa. Siku zikahesabiwa. Ikiwa waliopewa dawa walizidi wenzao kwa robo nzima ya maisha, mmea ulihesabiwa kuwa una nguvu. Hapo kazi ndefu ilianza. Uji uligawanywa mafungu, kila fungu likapimwa, lile lililo hai likagawanywa tena, na wafu wakatupwa. Hivyo hivyo, mpaka mwisho katika kichupa ikabaki chembe ya kitu kimoja safi ambacho mkemia aweza kukichora umbo lake. Mtu anayedhani kwamba dawa huchumwa mtini kama embe hajaona kazi hii.

Palikuwa pia na kipimo cha pili, cha seli za binadamu zilizofugwa katika vyombo vya kioo. Seli zilizotumika sana ziliitwa KB, na zilidhaniwa kuwa zimetoka katika saratani ya kinywa cha mgonjwa mmoja. Baadaye ilidhihirika kwamba chombo kilikuwa kimeingiliwa, na seli zile kwa kweli zilikuwa za Henrietta Lacks, mwanamke Mmarekani mweusi ambaye mwaka 1951 alikatwa kipande cha uvimbe wake huko Baltimore bila kuulizwa kama seli zake zaweza kutumika katika utafiti. Naitaja habari hii kwa kupita tu, lakini sidhani kwamba haihusiki. Maswali juu ya idhini ambayo tutayakuta msituni yalikuwa yamekwisha kuwamo ndani ya maabara yenyewe.

Jambo jingine lilionekana katika hesabu za mpango huo. Mwaka 1976 wataalamu wawili walioshiriki katika kukusanya mimea, Richard Spjut na Robert Perdue, walilinganisha mimea iliyookotwa bila mpango na ile iliyokuwa na sifa fulani kwa wenyeji wake. Waliona kwamba mimea inayofanyiwa sumu ya mishale, au inayotumiwa kulewesha samaki kama utupa wetu, ilionyesha nguvu dhidi ya saratani mara nyingi zaidi, karibu mara mbili ya ile iliyookotwa ovyo. Wala si ajabu. Dawa ya saratani kwa desturi ni sumu inayoua seli zinazozaana upesi kabla haijawahi kumuua mwenye seli hizo. Basi mwindaji wa nyika aliyejua mti upi wa kutia mshale wake, na mvuvi aliyejua mmea upi wa kusaga na kutia katika maji yaliyotuama, walikuwa na elimu iliyomfaa mkemia pengine kuliko elimu ya yule anayepoza homa. Wanaotafuta tiba za asili katika orodha za tiba peke yake wanaacha nusu ya hazina nje.

Sasa tufike kwenye mti wetu. Mmea wa kwanza wa jamii hii kuonyesha nguvu haukutoka Kenya. Ulitoka Ethiopia, ambako matunda yake yalikusanywa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kupelekwa Marekani pamoja na mamia ya mimea mingine. Uliitwa wakati huo Maytenus ovatus, baadaye Maytenus serrata. Kazi ya kuuchambua ilifanywa na Morris Kupchan na wanafunzi wake, na mwaka 1972, akiwa katika Chuo Kikuu cha Virginia, Kupchan alitangaza kwamba amekipata kile kitu kilichokuwa kikiua seli. Alikiita maitansini. Nguvu yake ilikuwa ya kushangaza. Vipimo vya maabara vilionyesha kwamba ilikuwa kali mara mia na zaidi kuliko dawa nyingi zilizokuwa zikitumika. Huizuia seli isijenge nyuzi zile nyembamba zinazovuta na kugawa vitu vyake inapotaka kuzaa seli mbili. Seli hukwama katikati ya kazi, ikafa.

Lakini kiasi chake katika mmea kilikuwa hafifu mno. Kilo nzima ya mmea wa Ethiopia ilitoa sehemu mbili za kumi za miligramu, kitu ambacho macho hayawezi kukiona vema juu ya ncha ya kisu. Ili wagonjwa watibiwe, hata kwa majaribio tu, ilitakiwa akiba kubwa zaidi. Hapo wataalamu wa mimea wakafanya kama wafanyavyo siku zote: walitafuta jamaa wa mmea. Katika jamaa hao mmoja alikuwa Shimba, na mavuno yake yalikuwa mara kadhaa ya yale ya Ethiopia.

Tani 27 zilizokatwa Shimba zaonekana nyingi, na kwa msitu mdogo ni nyingi kweli kweli. Tuchukue hata kipimo cha ukarimu cha miligramu mbili kwa kila kilo: tani hizo zote hazitoi gramu 60. Mizigo ya malori imegeuka kuwa kitu cha kutoshea katika kikombe cha kahawa. Na gharama yake msituni imeandikwa: miti yote iliyokomaa mahali pale ilivunwa. Ilipotakiwa mizigo mingine baada ya miaka minne, machipukizi yalikuwa machache hivi kwamba wakusanyaji walipata taabu kubwa kukitimiza kiasi walichoagizwa.

Katika baadhi ya maandishi ya baadaye uvunaji huu umewekwa mwaka 1987. Siwezi kuukubali mwaka huo. Habari ya tani 27 za Shimba ilikuwa imekwisha chapishwa katika kitabu mwaka 1984, na, kama tutakavyoona punde, mnamo 1987 hapakuwa tena na mtu wa kuihitaji maitansini kwa wingi namna hiyo. Kosa la mwaka mmoja huenda likaonekana dogo, ila maandishi hayo hayo ndiyo yanayotegemewa sana kwa dai zito zaidi: kwamba mti ulichukuliwa kwa kufuata elimu ya Wadigo, ambao kwa miaka mingi waliutumia kutibu maradhi ya saratani, na kwamba hawakuulizwa wala kutajwa.

Dai hili lataka kupimwa kwa vipande. Kwamba waganga wa Kidigo waliutumia mti huu ni jambo lililoandikwa na kukaririwa, nami sina sababu ya kulikanusha. Nchi ile ina waganga hodari, na mimea ya Shimba ni mkoba wao. Neno saratani lenyewe ndilo la kuangaliwa kwa hadhari. Mganga huona uvimbe, huona donda lisilopona, humwona mtu anakonda. Chini ya majina hayo yamo magonjwa mengi, na saratani ni mojawapo. Ama kwamba elimu hiyo ndiyo iliyowafikisha wageni Shimba, mpangilio wa miaka haukubali kwa urahisi. Nguvu ya maitansini ilijulikana kwa mmea wa Ethiopia kwanza, na kilichowaleta Kwale ni udugu wa mimea katika vitabu vya mabotania. Kusema kwamba siri iliibwa kwa mganga wa Kidigo ni kusema zaidi ya vile ushahidi unavyoruhusu.

Je, hiyo ndiyo kusema kwamba hapana deni? Hasha. Wanaotetea haki ya Wadigo wameiegemeza, kwa maoni yangu, kwenye nguzo dhaifu, ilhali nguzo imara ipo mbele yao. Shimba ni hifadhi. Mwenyeji aliyezaliwa ukingoni mwake hawezi kuingia na shoka akakata mti kwa hiari yake, akikamatwa atashitakiwa. Katika hifadhi hiyo hiyo miti mikubwa ya aina moja ilimalizwa kwa faida ya utafiti wa ng'ambo, na mganga aliyeihitaji kwa wagonjwa wa kijiji chake akaachiwa vichipukizi. Hata kama hakuna neno moja lililotoka kinywani mwa mganga na kuingia katika daftari la mgeni, hasara hiyo ilikuwa hasara yake. Haihitaji kuthibitishwa kwa hadithi ya siri iliyoibwa.

Na dawa ilikuwaje? Majaribio kwa wagonjwa yalianza katikati ya miaka ya 1970. Ukali uliosifiwa katika vyombo vya kioo uligeuka balaa katika mwili. Wagonjwa walitapika na kuharisha, na mishipa ya fahamu ikadhurika. Uvimbe, kwa walio wengi, haukupungua kwa kadiri ya kuistahili taabu hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 majaribio yaliachwa. Kupchan mwenyewe hakuuona mwisho huo, kwani alifariki mwaka 1976. Gramu zile chache za Shimba, kwa hiyo, zilitumika katika kuthibitisha kwamba maitansini, peke yake, haifai kuwa dawa. Matokeo ya namna hii ndiyo ya kawaida katika kazi ya kupima, na ni elimu vilevile; ila ni vigumu kumweleza mwenye msitu kwamba miti yake ilikwisha ili ijulikane kuwa hapana.

Mambo mawili yaliifufua. La kwanza lilitukia Japani. Mwaka 1977 watafiti wa kampuni ya Takeda walitangaza kwamba bakteria mmoja hutengeneza vitu vilivyo ndugu wa maitansini, karibu sawa kwa umbo na kwa ukali. Bakteria hufugwa katika mapipa kama hamira, hana haja ya mlima wala mvua. Tangu hapo mkemia aliyetaka jamaa ya maitansini hakuhitaji kukata mti popote.

La pili lilikuwa wazo la zamani lililongoja ufundi: kuifunga sumu kwenye mjumbe anayejua nyumba ya kwenda. Mjumbe huyo ni kingamwili, protini inayoshika kitu kimoja tu na kukiacha kingine. Katika baadhi ya saratani za matiti, seli zimejaa juu yake protini iitwayo HER2, na kingamwili iitwayo trastuzumabu huishika hiyo. Wanakemia wa kampuni ya ImmunoGen huko Massachusetts waliibadili maitansini kidogo ili ipate mahali pa kufungiwa, wakaiunganisha na kingamwili hiyo. Sumu ikawa haifunguki mpaka imeingia ndani ya seli. Katika jaribio kubwa la wagonjwa 991, lililochapishwa mwaka 2012, nusu ya waliopewa dawa hii waliishi miezi 30.9 na zaidi, ambapo kwa wale waliopewa tiba iliyokuwa ya kawaida kipimo hicho kilikuwa miezi 25.1. Serikali ya Marekani iliiruhusu mwaka 2013. Ukali ule ule uliowashinda matabibu miaka ya 1970 ndio ulioifanya ifae, maana kingamwili hubeba chembe chache tu za sumu, na sumu hafifu isingefanya kazi kwa uchache huo.

Basi masimulizi ya ushindi nayo yana la kurekebishwa. Dawa iliyo hospitalini leo haikutoka Shimba. Chanzo chake ni bakteria, umbo lake limebadilishwa, na bila mjumbe wake ni sumu iliyokwisha kataliwa. Tena mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dortmund, Ujerumani, walionyesha kwamba katika mmea mmoja wa Afrika ya Kusini, jamaa wa huu wetu, maitansini hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya mizizi. Hilo huenda likaeleza kwa nini mti mmoja huwa na dawa na mwenziwe wa aina ile ile hana. Mganga wa kale aliyeshikilia kwamba mzizi wa mahali fulani una nguvu na wa mahali pengine hauna, na akachekwa kwa hilo, alikuwa karibu na kweli kuliko wacheshi wake.

Sheria zilikuja nyuma ya mizigo. Mkataba wa Rio juu ya uhai wa viumbe, uliotambua kwamba mimea ya nchi ni mali iliyo chini ya mamlaka ya nchi hiyo, ni wa mwaka 1992. Kenya ilitoa kanuni zake za idhini na mgawanyo wa faida mwaka 2006, na sheria ya kulinda maarifa ya jadi mwaka 2016. Taasisi ya Marekani nayo, ilipoanza tena kukusanya mimea mwaka 1986, ililazimika kidogo kidogo kuandika mapatano na nchi zenye mimea. Hapana hata moja kati ya hizo iliyokuwapo miti ya Shimba ilipokatwa, wala hapana inayorudi nyuma kuihesabu.

Mwanafunzi atakayetaka kuendelea na uchunguzi huu katika vitabu vya mimea asilitafute jina la Maytenus buchananii peke yake. Wataalamu wengi sasa wameuhamishia mti huo katika ukoo wa Gymnosporia, na asiyeyaangalia majina yote mawili atadhani kwamba baada ya miaka ya 1980 hakuna aliyeuandika tena.